Goli la Wari Nane

Nyie mliopokea reki, fyekeo na ndoo yangu ya chokaa mwezi uliopita, mlinisindikiza vizuri. Mwavuli mlionipa ni mzuri, ingawa mvua za masika zilikuwa zimekwisha. Siku ile mkuu wa chuo alipotaka niseme maneno mawili nilisema asante nikakaa, maana mie si mtu wa kusimama mbele ya watu waliovaa tai. Lakini mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu: kwa nini uwanja wetu, ukiupima kwa futi ya chuma, unazidi. Nimekaa barazani hapa Mbagala, nimeona nijibu kwa maandishi. Mkiona nazunguka, vumilieni, nitafika.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimeoa mwaka huohuo, kabla ya vita ya Hitla. Chuo kilikuwa majengo matatu ya mawe na bati katikati ya mikorosho ya Temeke, wanafunzi arobaini na mmoja, wote wa useremala na uashi. Watu wa mjini walikiita Chuo cha Mchangani, na hawakukosea. Ukitoka darasani mpaka ufike uwanjani viatu vimejaa. Nilitembea kutoka Mbagala kwa njia ya Kilwa, nikafika jua linachomoza, nikamkuta mzee mmoja mfupi, kanzu ameifunga kiunoni, anachunga chokaa kwa gunia kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaijua chokaa?"

"Naijua. Ya kupaka nyumba."

"Basi huijui. Ya nyumba inakaa ukutani. Hii inalala na nyasi, na asubuhi nyasi zinatakiwa ziamke."

Huyo ndiye Mzee Mwinshehe, mtunza uwanja aliyenitangulia. Kila ninachokijua kuhusu uwanja nimekipata kwake, na mengine nimeyapata kwa kutomsikiliza. Alinifundisha kwamba chokaa iliyochomwa pwani hulowekwa siku saba ndani ya pipa, ukikoroga asubuhi na jioni, kisha unaichunga, kisha unaimwaga kwa kopo lenye tundu moja, ukitembea kinyumenyume bila kusimama. Mwaka wa kwanza niliona siku saba ni nyingi mno nikaloweka mbili. Mistari ilitoka myeupe kuliko meno. Baada ya wiki nyasi zilikuwa zimeungua, na wachezaji wanne wametoka malengelenge magotini. Mzee hakunigombeza. Aliniweka nipake mafuta ya nazi magoti manane, mbele ya wenyewe, nikaelewa.

Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Kila akinijazia kopo langu, likishajaa na kufurika, anachota konzi moja zaidi anaitupia juu, inamwagika. "Ya baraka," anasema. Nilimwambia siku moja kwamba ile baraka inaangukia mchangani kila asubuhi. Akasema na mchanga nao una haki yake.

Kabla ya chuo, Mzee Mwinshehe alikuwa mchuuzi wa nguo. Miaka ishirini alitembea na majora ya kaniki na amerikani kichwani, kutoka Mbagala kushuka Chamazi mpaka ng'ambo za Rufiji, akiuzia watu milangoni mwao. Ndiyo maana alipoajiriwa, na mkuu wa chuo wa wakati huo akamwambia apime uwanja wa yadi mia na kumi, goli yadi nane, hakuuliza vifaa. Alichukua kamba ya katani akaipima kama alivyopima nguo maisha yake yote: anashika ncha kwa vidole, ananyoosha mkono, anaileta kamba katikati ya kifua. Hiyo wari moja. Wari ni yadi, na yadi ni wari. Hivyo ndivyo tulivyojua wote, na madukani Uhindini ndivyo walivyosema. Akafunga fundo kila penye wari kumi. Wanafunzi wa useremala wakasimamisha milingoti ya goli penye vigingi vyake, wakapima nafasi iliyo kati ya milingoti, wakakata mwamba wa juu ukae sawasawa. Ile kamba mzee aliitundika stoo kwenye msumari wake peke yake, na mtu mwingine haruhusiwi kuigusa kwa mikono yenye mafuta.

Sasa nije kwenye msimu wenyewe.

Nilikuwa na miaka michache kazini, vita bado, tulipoletewa mwalimu mpya wa useremala, Mmarekani, jina lake Mwalimu Holm. Mrefu, akipita mlangoni anainama hata pasipo na haja. Kiswahili alikuwa amejifunzia bara, kwa kitabu, na alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Timu yetu haikuwa na wa kuifundisha, wakampa yeye. Siku ya kwanza aliwakusanya wachezaji akawaambia ukweli wake:

"Mpira wenu siujui. Kwetu, chuoni, nilicheza mpira mwingine. Ule una ncha mbili, na tunaubeba kwa mikono."

"Mnaubebaje, Mwalimu?" akauliza Elia.

Mwalimu akachukua kifuu cha nazi akakikumbatia ubavuni, akakimbia nacho kama mtu aliyeiba kuku. Halafu akatueleza kwamba wenzake wanamrukia, wanamwangusha, wanalala juu yake, na refa anaona sawa. Sie tulitazamana. Nilimuuliza kama huko kwao hakuna polisi. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Elia alikuwa nahodha na golikipa. Mpare, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana mkimya, mikono mipana kama majembe. Golini alikuwa na namna yake: anasimama katikati, anapiga hatua moja kulia mpaka kisigino kiguse mlingoti, anarudi, hatua moja kushoto, anarudi. Baada ya hapo hatazami tena nyuma. Nyumbani, msimu ule, hakufungwa hata bao moja. Sie, chuo cha watu arobaini na mmoja, ambapo ukitoa wagonjwa na wanaovaa miwani huna wa kuchagua, tukawa tunazifunga timu za maofisi na za shule kubwa mpaka watu wakaanza kutoka mjini kuja kutazama.

Lakini tukienda ugenini tunafungwa. Wachezaji walewale, mpira uleule. Na tunafungwa namna moja: mpira unapita kando ya mlingoti, kulia au kushoto, Elia amenyoosha mkono, umebaki upana wa kiganja.

Jambo hili liliniingia kichwani likakataa kutoka. Mke wangu alisema ni chakula, tukitoka nyumbani hatuli vizuri. Nikawabebea mihogo na samaki wa kukaanga wakala wakashiba, tukafungwa mawili. Nikafikiri ni mpira, labda wa kwetu una upepo mchache. Nikaanza kwenda na wa kwetu, nimeujaza kibofu mwenyewe, nimefunga kamba zake na kupaka ngozi mafuta ya ng'ombe. Tukafungwa. Wachezaji wetu walikuwa na hakika kwamba timu za mjini zimefukia kitu golini, nami kwa kuwa ni mtu wa kutaka kujua, siku moja kabla ya mchezo nilijifanya nakagua nyasi za wenyeji nikafukua pale wanaposema. Nilipata kizibo cha chupa na jino la ng'ombe. Nilivitupa vyote viwili. Tulifungwa moja.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Mwalimu Holm, na wala hakuwa akilitafuta. Alitaka kuwafundisha wachezaji kukimbia kwa vipande, akasema kwao uwanja una mistari ya kukata upande kwa upande, kila yadi kumi, kama daftari. Akaniomba nimchoree. Mzee Mwinshehe alikuwa ameenda kuzika Yombo, na kamba yake sikuthubutu kuigusa. Mwalimu akatoa futi yake ndefu ya chuma, ile inayojikunja ndani ya ganda la ngozi. Mie nikashika ncha, Elia akashika ganda. Tukapima kumi, mstari. Kumi, mstari. Tulitakiwa tupate vipande kumi na kimoja. Tukapata kumi na hatua moja, halafu tukaingia golini.

"Tumeruka," nikasema.

Tukarudia. Kumi na hatua moja. Mwalimu akachukua kitabu cha sheria, akasoma, akasema urefu huo unaruhusiwa, yadi mia ndiyo mwisho wa ufupi, tumepona. Mie nilikuwa naelekea kuchukua ndoo yangu. Elia ndiye aliyebaki amesimama golini anautazama mlingoti wa kulia.

"Kaka Salum," akaniita. "Hebu njoo na hiyo futi."

Goli linatakiwa liwe futi ishirini na nne. Letu lilikuwa futi ishirini na mbili. Elia akakaa chini palepale, mgongo kwenye mlingoti. Upana wa kiganja aliokuwa akiukosa mjini ulikuwa umekaa miaka yote nje ya milingoti yetu, futi moja huku, futi moja kule.

Mzee aliporudi kutoka mazikoni nilimwambia mie mwenyewe. Niliona afadhali alisikie kwangu. Kwanza alicheka. Akasema hicho chuma kimekaa juani kimetanuka. Halafu akaiteremsha kamba msumarini, akaipima upya kwa mkono wake mbele yetu, fundo kwa fundo, na kila fundo likaangukia mahali pake. Hakukosea hata kidole. "Mmeona?" akasema.

Mwalimu Holm, ambaye hakuwa na ubaya, akamwomba anyooshe mkono tena. Akaweka futi toka ncha ya vidole mpaka katikati ya kifua. Inchi thelathini na tatu. Yadi ni inchi thelathini na sita. Nikapima wangu: thelathini na nne. Mwalimu akapima wake: thelathini na saba. Nikamwambia angefaa kuuza nguo, wateja wangemfuata mpaka Amerika. Nilikuwa nataka mzee acheke. Hakucheka. Aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Inchi tatu," akasema. "Kila wari."

"Ni goli tu, mzee. Tutachimba upya."

"Mie sisemi goli, Salum. Nasema nguo. Miaka ishirini nimewakatia watu. Wajane. Maharusi. Watu wa kuzika. Nimewapunja."

Nyie vijana wa siku hizi mnanunua nguo dukani kwa fimbo ya mbao, labda hamtaelewa. Mzee Mwinshehe alikuwa mtu wa swala tano, na kwa mchuuzi Mwislamu hakuna jina chafu kama mpunjaji. Mwizi anaiba mara moja anakimbia. Mpunjaji anakutazama usoni, anakuuliza hali ya watoto, huku anakuibia. Mambo hayo yameandikwa, na adhabu yake imeandikwa, na yeye alikuwa akituhadithia sie wadogo stoo, kila Ijumaa, tukisubiri adhana.

Kesho yake alivaa kanzu yake safi akatembea mpaka mjini, kamba imo ndani ya kikapu. Nilimfuata, hakunikataza. Alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa ligi, karani mmoja mwenye meza ndogo na mafaili mengi, akaweka kamba mezani akamwambia kila kitu. Nilifikiri pale ndipo msimu wetu unakwisha, maana ushindi wote wa nyumbani ulipatikana kwenye goli lile. Katibu akasikiliza, akakuna shingo.

"Timu zote mbili zilipiga goli hilohilo?"

"Hilohilo."

"Basi kila mtu kapunjwa sawasawa, mzee wangu. Malalamiko hayakuja kwa wakati wake, matokeo yanabaki. Lirekebisheni."

Mie nilishukuru. Mzee katika maneno yote yale alisikia moja tu. Njiani kurudi Temeke alilirudia mara mbili, kwa sauti ndogo: "Kapunjwa."

Tulisogeza milingoti futi moja kila upande. Mwamba wa zamani haukufika tena, ndipo Elia akachonga mpya wa mvule, huohuo anaopimia nafasi yake golikipa wenu leo. Mchezo wa mwisho ulikuwa wiki tatu mbele, mjini, na timu ya makarani. Atakayeshinda ndiye mwenye kombe. Elia alipoteza dira kabisa. Hatua yake moja haikufika tena mlingotini, na mtu aliyezoea kugusa haamini kuona. Katika mazoezi alifungwa na kila mtu, hata mpishi. Mwalimu Holm akamfunga kitambaa machoni akamtembeza toka mlingoti mpaka mlingoti, asubuhi na jioni, mpaka akawa anaugeukia bila kuupapasa. Akasema ndivyo walivyofundishwa kwao kuujua mstari bila kuutazama. Nilifikiri ni wazimu. Siku ya kumi nilimwona Elia anafika, ananyoosha mkono, anauweka juu ya mlingoti kama anayemshika rafiki bega.

Mzee Mwinshehe alikuwa anakuja kazini, anafanya kazi, anaondoka. Konzi ya baraka aliacha. Ananijazia kopo mpaka ukingoni, anapangusa kwa kidole lisizidi wala lisipungue, ananipa. Kila asubuhi nilitamani anitupie ile konzi, nami nilikuwa naona aibu kumwomba.

Jumamosi ya mchezo hakuja. Alisema ana homa.

Sitawahadithia mchezo wote, kuna watu Temeke watawahadithia bila kuombwa, na kila mwaka bao linakuwa zuri zaidi. Tulipata bao moja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili makarani walitukalia. Dakika za mwisho winga wao alipiga mpira wa chini, kulia, palepale penye mlingoti, pale tulipokuwa tukifungwa kila siku. Nilifumba macho. Nilisikia ngozi inagonga mbao, nikasikia watu wetu. Nilipofumbua, Elia alikuwa amelala chini na mpira umetoka nje. Alinionyesha vidole viwili vya mkono wa kulia, vimevunjika kucha. Vimeugusa.

Tulitembea na kombe mpaka Temeke, tukaimba mpaka sauti zikaisha, na bila kuambiana tukajikuta mlangoni kwa mzee. Elia akaingia, akamwamkia, akampa kombe kwa mikono miwili. Mzee akamwitikia, akamsifu, akaiweka mikono yake nyuma.

"Liwekeni chuoni," akasema. "Mie sistahili kulishika. Jumatatu naondoka. Napita kote nilikouzia, nyumba kwa nyumba, nawaomba radhi."

"Mpaka Rufiji, mzee?" nikamwambia. "Kwa miguu hiyo?"

"Nilipouza nilikwenda kwa miguu ipi?"

"Na wengine wamekufa."

Hapo ndipo alipokaa kitini. "Hao ndio wanaonikosesha usingizi," akasema. "Waliokufa nitawaombaje?"

Tukatoka mmojammoja. Sijaona timu iliyoshinda ikitembea kimya namna ile.

Jumapili nilikwenda Mbagala kwa mama yangu. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu huenda kwao. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Mama, uliwahi kununua nguo kwa Mwinshehe?"

"Mbagala hii nani hakununua?"

"Alikupunja?"

Akauweka ungo chini. "Nani mwenye ulimi huo?"

"Mwenyewe anasema." Nikamweleza goli, futi, inchi tatu, safari ya Rufiji. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama kama anavyonitazama nikiuliza chumvi iko wapi na iko mbele yangu.

"Mkono wake mfupi, mtoto mdogo alikuwa anauona. Kwani tulikuwa tunanunua tumefumba macho? Lakini akishapima, anaongeza. Kila wari nne, shibiri mbili. 'Ya baraka,' anasema, ndipo anang'ata kwa jino na kuchana. Yule mchuuzi mwenzake mwenye mikono mirefu alikuwa akipima anakata palepale kwenye kidole. Sie tulikuwa tunamsubiri Mwinshehe."

Akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Alirudi na bunda la amerikani nyeupe, limekunjwa, linanuka karafuu.

"Hii nilinunua kwake, wari nane, mwaka aliokufa baba yako. Ni sanda yangu. Sijaifua, sijaikata. Kaipime, uirudishe leo au kesho. Na isiguse udongo kabla yangu mie."

Nililala kwangu Temeke na lile bunda kichwani pa kitanda, mke wangu akaniuliza nimeokota nini, nikazima taa. Jumatatu baada ya alfajiri nilimwamsha Elia bwenini. Nikasimama njiani anapopita mzee. Akaja na kikapu na fimbo. Nikamwamkia, nikamwomba apitie uwanjani mara moja, kuna kazi siiwezi peke yangu. Alinung'unika, lakini neno kazi hakuwahi kulikataa.

Elia alisimama kwenye mlingoti wa kulia ameshika ncha moja ya ile nguo, kifuani, juu ya ardhi. Mie nikashika nyingine nikatembea kinyumenyume, namna ya kumwaga chokaa, kuelekea mlingoti wa kushoto. Mzee alikuwa amesimama katikati ya goli. Akaishika nguo kwa vidole viwili, akaifuata mpaka kwenye ncha ya Elia, akaitazama pale ilipochanwa.

"Hii nimechana mie," akasema. "Naliona jino langu. Ya nani?"

"Ya mama yangu. Ulimuuzia wari nane."

"Wari nane zangu ni futi ishirini na mbili. Si mmenifundisha nyie?"

"Ndiyo, mzee. Na goli hili sasa ni futi ishirini na nne. Kalipima Elia, kalipima Mwalimu. Njoo huku kwangu uone."

Akaja. Nguo ilikuwa imefika mlingotini kwangu. Ilikuwa imefika, imeuzunguka, na kipande kinaning'inia upande wa nje. Mzee aliweka fimbo chini. Akakinyoosha kile kipande, akakiwekea mkono wake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Shibiri moja, kamili.

Akakipima mara ya pili.

"Hii ni ile ya baraka," akasema.

"Ndiyo."

"Ile si kipimo, Salum. Ile adabu tu, marehemu baba ndiye aliyenifundisha. Sikuwa naihesabu."

"Wao walikuwa wanaihesabu, mzee."

Mzee Mwinshehe akaegemea mlingoti akalia. Sikujua nitazame wapi, nami mikono yote miwili nimeshika sanda ya mama siwezi hata kujifuta. Elia kule alikuwa amegeuza uso kwenye mikorosho. Alipomaliza, mzee alitwaa ncha kwangu, tukaikunja ile nguo watatu, kwa uangalifu, haikugusa udongo. Ndipo akauliza, kwa sauti yake ya kila siku ya kudai ndoo:

"Lile kombe mmeliweka wapi?"

Rufiji hakwenda. Wiki ileile tulipima uwanja upya, yadi mia na kumi kwa futi ya chuma, mie nimeshika ncha. Nilimuuliza, maana lilikuwa linanikera, kwa nini pale mwanzo uwanja hakuuongezea ya baraka kama alivyowaongezea watu. Akasema: "Ardhi sikumuuzia mtu. Nani angenishukuru?" Halafu tulipofika mwisho, upande wa kusini, nikawa naandaa kigingi, akaniambia ngoja. Akainama, akaweka shibiri yake moja mbele ya alama ya chuma, akasema hapa ndipo. Tukapiga kigingi hapo. Asubuhi iliyofuata kopo langu la chokaa lilifurika tena.

Mama alizikwa na amerikani yake wakati wa vita, nguo zilipokuwa za kutafutwa kwa tochi, na ilitosha. Mzee naye amekwenda. Kamba yake iko stoo kwenye msumari uleule, msiifungie mbuzi. Uwanja upimeni kwa chuma kila msimu, sheria ni sheria. Upande wa kusini mtakuta umezidi shibiri moja. Msiikate.